Maganda ya Hannah Mweusi

Desmond Entwistle alikuwa na miaka hamsini na sita, na katika miaka hiyo alikuwa amemenya viazi vingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake. Wazazi wake walikuwa na duka la samaki na chipsi kule Lancashire. Alijua kiazi cha kukaanga na kiazi cha kuponda, na angeweza kukimenya hata ukimfunga macho kwa kitambaa. Jambo moja tu hakulijua kuhusu kiazi, nalo ni kinavyozaliwa. Kwake yeye kiazi kilitoka kwenye gunia, gunia lilitoka kwenye lori, na lori, basi, lilitoka huko linakotoka.

Kila mtu ana ujinga wake, na si dhambi. Ila ujinga wa Desmond ulimkuta mahali pabaya, kwa maana alikuwa ameoa Yorkshire.

Watu wa Lancashire na wa Yorkshire ni watani. Zamani babu zao walichinjana. Siku hizi wajukuu wanachinjana kwa maneno tu, nani mbahili, nani anapika chai kama maji ya kuoshea vyombo. Utani ni mtamu pande zote mbili zikicheka. Mzee Wilfred Sugden, baba yake Avis, mke wa Desmond, alikuwa hacheki. Binti yake wa pekee alikaa mjane miaka minane, halafu akaenda kuolewa na mtu wa ng'ambo ya milima anayenuka mafuta ya kukaangia. Mwaka wa pili huo, mzee hakuwahi kumtaja Desmond kwa jina wala kumsemesha uso kwa uso. "Huyo wako anakunywa chai?" alikuwa akimuuliza Avis, na huyo wake amekaa palepale, kikombe mkononi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Desmond aliizoea kamba yake. Lakini ilimkata. Hakuwa na baba tena, na alitamani mno mzee yule amkubali.

Ndiyo maana, mzee alipolazwa wiki ya kabla ya Pasaka abadilishiwe nyonga, Desmond aliona mlango umefunguka.

"Nenda ukamsafishie baba nyumba kabla hajatoka," Avis alimwambia Jumanne asubuhi akivaa koti la kazi. "Na kama utaweza, mpikie kitu. Analalamika kwamba kabichi ya hospitali imechemshwa tangu Krismasi."

Desmond alisafisha nyumba ile kama anayetafuta pete. Alisugua jiko, akapiga deki ngazi, akakung'uta mazulia. Mwisho akafungua chumba cha nyuma, kile kisicholaliwa na mtu, na pale dirishani akakuta trei mbili za mayai. Ndani yake hamkuwa na mayai. Mlikuwa na viazi ishirini na viwili, vyeusi kwa uzambarau, vimenywea kama viwiko vya ajuza, na kila kimoja kimetoa vichipukizi vinene vifupi kichwani.

"Maskini mzee," Desmond alisema peke yake. "Ameanza kusahau. Ananunua chakula, anakificha, kinaota."

Hapo kila mkulima wa Kiingereza angepiga yowe. Ingia nyumba yoyote ya mtu mwenye kipande cha bustani mwezi wa Machi, utavikuta viazi vya mbegu vimekalishwa dirishani kwenye trei za mayai, macho yakitazama juu, vikiota polepole vingojee siku yao ya kwenda ardhini. Avis hakumwonya mumewe kwa sababu haikumpitia akilini kwamba yupo binadamu asiyejua. Tangu utotoni aliviona pale kila mwaka, kama unavyoliona pazia.

Mtoto wa duka la chipsi hatupi kiazi. Mama yake Desmond alikuwa akisema kiazi kilichoota si kibaya, ila ukimenye kwa kina, usikionee huruma. Basi Desmond akamenya kwa kina. Ndani vilikuwa vyeupe kama maziwa, akashangaa vilivyo vizuri. Akakata nyama ya kondoo, akakata vitunguu, akavifunika kwa vipande vya viazi vilivyopangwa kama vigae vya paa, akaoka saa mbili unusu hadi juu pakawa rangi ya asali. Hicho ndicho chakula cha kwao. Maganda akayatia ndoo. Alipokuwa njiani kwenda hospitali akapitia bustani za Chapel Lane, ambako watu hukodi vipande vya kulima, akaiacha ndoo mlangoni pa kibanda cha Bi Iris Pogson, jirani wa kipande cha mzee, ambaye ana kuku sita. Alijisikia mtu mwema kupindukia.

Wodini alimkuta Avis ameketi kando ya kitanda cha baba yake. Mzee alikuwa ameegemea mito mitatu, kofia yake ya sufu kichwani. Madaktari walikuwa wamemvua vyote isipokuwa hiyo.

"Nini hicho?" akamuuliza Avis.

"Desmond amekupikia, baba. Chakula cha kwao."

"Lancashire." Mzee akashusha pumzi. "Wameshanikata nyonga, sasa wamekuja kumalizia tumbo."

Lakini harufu haina utani. Mzee alitwaa kijiko, akaonja, akaonja tena. Kisha akaacha kutafuna. Akafumba macho, akakaa hivyo kitambo, na Desmond akaona, kwa mara ya kwanza tangu amjue, uso ule umelegea.

"Avis," mzee akasema taratibu, "hebu muulize huyo wako viazi hivi kanunua wapi. Miaka yote nilidhani ni mimi tu niliye navyo."

"Sijanunua, Mzee," Desmond akajibu, kifua kimemjaa. "Nimevikuta kwako. Dirishani chumba cha nyuma. Vilishaanza kuota, lakini usiwe na wasiwasi, nimevisafisha vizuri."

Avis alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Vyote?" mzee akauliza.

"Vyote. Ishirini na viwili," alisema Desmond, bado anatabasamu, maskini ya Mungu.

Sasa lazima niwaambie alichokipika. Kiazi kile kinaitwa Hannah Mweusi, kwa jina la bibi mzaa bibi yake Wilfred, na hakiuzwi duka lolote duniani. Kila mwaka akina Sugden hupanda, huchimba, hula, huweka mbegu, hupanda tena, na kamba hiyo haijakatika tangu siku za Hannah mwenyewe. Mwaka uliotangulia ugonjwa wa ukungu ulipita Chapel Lane ukachoma bustani nzima, na katika Hannah Mweusi wote wa mzee vilipona viazi ishirini na viwili. Kama angekuwa mtu wa kugawa, jirani mmoja angekuwa na akiba. Lakini Wilfred alikuwa mchoyo wa mbegu, tena mchoyo wa kusifika. Aliwapa watu kabichi, karoti, hata maua ya kanisani. Hannah hakumpa mtu.

Avis akamweleza mumewe haya kwa sauti ya chini, haraka haraka, na kila sentensi ilimshusha Desmond kwenye kiti hadi magoti yake yakawa juu kuliko tumbo. Alitamani sakafu ya wodi ifunguke. Alikuja kutafuta baba, na badala yake alikuwa amempikia mzee wa watu ukoo wake wote, akamletea kwenye bakuli.

Mzee aliweka kijiko kando. Alitazama bakuli. "Kula, Avis," akasema. "Vikipoa vitakuwa hasara mara mbili."

Kisha akageuka. Akamtazama Desmond machoni.

"Wewe."

Desmond akaruka kama mtoto wa shule. "Naam, Mzee."

"Ulivimenya vipi? Ganda jembamba au nene?"

"Nene. Nene sana. Mama yangu alikuwa akisema kiazi kikishaota..."

"Mungu amrehemu mama yako. Macho yamebaki kwenye ganda?"

"Yote yamebaki kwenye ganda."

"Na maganda yako wapi?"

Desmond akatazama dirishani. "Kwa Bi Iris. Kwa... kwa kuku wake."

"KUKU!" Mzee alinguruma hadi muuguzi akatokea mlangoni. "Umesimama unanitazama? Kimbia, mtu wewe! Kimbia!"

Desmond alikimbia. Hakungoja basi. Aliteremka mlima wa hospitali kwa viatu vya kwendea kanisani, mtu wa kilo tisini na tano, akapita posta, akapita duka la mikate, na watu walisimama kumpisha wakidhani nyuma yake kuna polisi. Alipofika lango la bustani za Chapel Lane alikuwa anaona nyota mchana.

Bi Iris alikuwa na miaka themanini na minane, mwembamba kama mti wa kupandishia maharagwe. Alisimama katikati ya banda la kuku, ndoo mkononi, na tayari alikuwa amemwaga nusu.

"Bi Iris! Simama hapohapo! Usimwage!"

Maelezo yalihitaji pumzi, na Desmond hakuwa nayo. Akavuka wavu, akajitupa chini kifudifudi katikati ya kuku, akaanza kuokota. Kuku hawakukubali. Mmoja mwekundu alikuwa na ganda refu mdomoni, Desmond akashika ncha ya pili, wakavutana, na yule kuku alikuwa na nguvu kuliko mtu anavyodhani. Bi Iris alijishikiza kwenye nguzo.

"Kipenzi," akasema alipoweza kusema kwa kicheko, "kama una njaa kiasi hicho si ungebisha hodi tu?"

Desmond alimweleza akiwa amepiga magoti, unyoya kwenye nyusi. Bi Iris akaacha kucheka. Akaweka ndoo chini, akapiga magoti na yeye, kwa umri ule, kwenye mavi ya kuku.

"Lenye jicho weka huku. Lisilo na jicho waachie wenyewe," aliamuru. "Wakati wa vita mama yangu alipanda maganda, nikiwa mdogo hivi. Viazi vyenyewe tulikula, maganda tukapanda, na Oktoba tulichimba tena. Si vingi. Lakini tulichimba."

"Kwa hiyo yataota?"

"Nimesema ya mama yangu yaliota. Mama yangu hakuyapitisha kwanza kwa kuku."

Walipata maganda thelathini na moja yenye macho mazima. Bi Iris aliyaviringisha kwenye majivu ya jiko ili vidonda vikauke, akayapanga kwenye gazeti ndani ya kibanda chake. Kisha akasimama na kujikung'uta magoti.

"Mwambie Wilfred, miaka arobaini namwomba viazi viwili vya mbegu. Viwili tu! Ananiambia, 'Nitaangalia.' Hajaangalia hadi leo. Sasa mbegu zake zimelala kwangu, na mimi nitaangalia."

Ujumbe ulifika hospitali jioni ile ile. Mzee alivuta blanketi hadi kidevuni. "Viwili," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetoa figo. "Kama vikiota."

Ijumaa Kuu ndiyo siku ya kupanda viazi. Usiniulize kwa nini. Wazee wa kule husema ni siku pekee ambayo shetani hana mamlaka juu ya udongo. Pasaka yenyewe huhamahama, mwaka huu Machi, mwaka ule Aprili, na kiazi hakisomi kalenda, lakini jaribu kumwambia mtu wa Yorkshire apande Jumatano. Saa tatu asubuhi Chapel Lane yote ilikuwa imejaa watu, sepetu zinang'aa, chai kwenye chupa, mikate mitamu yenye zabibu na alama ya msalaba inapita toka kipande hadi kipande. Jua lilikuwa limetoka. Ndege mdogo mwenye kifua chekundu alikuwa akiwafuata wachimbaji akila minyoo kama mkaguzi.

Mzee Wilfred alikuwa ametoka hospitali jana yake, na daktari alimwambia apumzike. Alikuwa anapumzika kwenye kiti cha kukunja katikati ya kipande namba tisa, magongo miguuni, blanketi mapajani, anatoa amri.

"Sepetu hiyo si kijiko cha chipsi! Kanyaga!"

"Nakanyaga, Mzee."

"Unaibembeleza. Kanyaga!"

Habari zilishaenea, bila shaka. Clifford Barraclough, katibu wa bustani, mwenye mistari iliyonyooka kuliko wote na ulimi mrefu kuliko mistari yake, alikuja kuegemea wigo.

"Wilfred, nasikia mwaka huu unapanda takataka. Mwakani vipi, utapanda sufuria?"

Watu wakacheka vipande vitatu vizima. Masikio ya Desmond yakawaka moto. Aliendelea kuchimba, kwa kuwa angeinua uso wangemwona.

"Msikie huyo," mzee akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Viazi vyake ananunua dukani, vimefungwa kwenye neti kama soksi. Usimjibu. Chimba."

Desmond alisita kidogo, sepetu hewani. Mzee alikuwa amemtetea, au masikio yake yalimdanganya?

Kisha wakapanda. Kiazi kizima hupandwa kwa kina cha mkono. Ganda, mzee alisema, lipande kina cha kidole tu, maana halina chakula cha safari ndefu. Bi Iris alileta gazeti lake kama anayebeba keki ya harusi. Desmond aliyalaza moja moja, jicho juu, na kila moja akaliziba kwa udongo alioufikicha kwa viganja. Vidole vyake, ambavyo maisha yote vilijua kiazi kikiwa kimemaliza safari yake, viliona haya kidogo kukutana nacho mwanzoni.

Basi ikaanza kazi ya kungoja.

Mzee alikatazwa kutoka tena kwa wiki kadhaa, kwa hiyo Desmond ndiye aliyekwenda namba tisa kila jioni akitoka kazini. Kila jioni simu ililia.

"Vipi?"

"Bado, Mzee."

"Magugu?"

"Nimeng'oa."

"Konokono?"

"Nimewategea bia kwenye kopo, kama ulivyosema."

"Bia gani?"

"Ya Lancashire."

"Watakufa vizuri."

Kumbuka kwamba miaka miwili watu hawa walikuwa hawasemezani. Sasa mzee alikuwa na mengi. Panda njegere, weka vijiti. Rutuba iko nyuma ya kibanda. Usiguse stroberi, acha zitoe maua. Desmond alipanda njegere, na siku zilipotoka ardhini, zimeinamisha shingo kama zinaomba radhi kwa kuchelewa, alicheka kwa sauti akiwa peke yake. Alipanda figili, zikawa tayari kwa siku ishirini na tano, akala moja palepale na udongo wake. Bi Iris alimpa mashina mekundu ya mmea mchachu wa kupikia pai, akaenda nayo nyumbani yamekumbatiwa kifuani. Avis alimkuta jikoni anaimba. Kucha zake zilikuwa nyeusi na alikuwa akizitazama kwa fahari, mtu aliyenawa mikono kwa siki maisha yake yote.

Ila ule mstari mmoja ulikaa kimya. Wiki ya tatu, kimya. Wiki ya nne viazi vya Clifford vilikuwa vimefika kwenye kifundo cha mguu, na Clifford hakuacha kuvitaja. Desmond alipiga magoti kila jioni, akaweka shavu karibu na udongo, akatazama kwa ubavu. Hamna kitu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Usiku alihesabu kuku.

Siku ya thelathini na nne simu ililia kama kawaida.

"Vipi?"

"Bado, Mzee."

"Basi," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imezeeka tangu jana. "Umejaribu. Ganda lilikuwa ganda. Panda kabichi hapo, udongo usikae bure."

Desmond alikuwa amesimama katikati ya kipande, simu sikioni.

"Hapana, Mzee."

"Nini?"

"Sipandi kabichi. Wewe ulinikimbiza mlima mzima. Nimevutana na kuku kwa ajili ya maganda haya. Siyaondoi."

Akakata simu, kisha akaona ameharibu kila kitu. Mzee hakupiga tena jioni ile, wala jioni iliyofuata.

Siku ya thelathini na sita, Jumamosi mchana, Desmond alipiga magoti kwa mazoea tu. Udongo ulikuwa umepasuka ufa mdogo, na ndani ya ufa palikuwa na jani lililokunjamana, la kijani kizito kinachokaribia zambarau, kubwa kama sikio la panya. Hakulishika. Alitambaa mbele. La pili. Akatambaa. La tatu, la nne pamoja, la tano likiwa bado limebeba bonge la udongo kichwani.

"Bi Iris!" akapiga kelele. "Bi Iris! Njoo!"

"Kuna nani amekufa?"

"Hakuna! Hakuna aliyekufa!"

Walihesabu kumi na manne. Bi Iris alimbusu shavuni, naye akamzungusha juu juu kama binti wa dansini, kibibi cha miaka themanini na minane, magoti yake yakipepea.

Mzee alikuja kwa teksi, na ndara miguuni. Alisimama ukingoni mwa mstari, mikono yote juu ya gongo, akatazama kwa muda ambao Desmond aliona ni mrefu kama misa. "Ndiye," alisema. "Ndiye Hannah." Akairudia ile sentensi, taratibu, kama asiyesadiki.

Kisha akainua uso, akatazama mbingu. Hakukuwa na wingu hata moja. Upepo ulikuwa umekufa. Alivuta hewa kwa pua.

"Yafukie," akasema.

"Mzee?"

"Leo usiku kuna jalidi. Umande utaganda. Majani machanga kama hayo yatakuwa maji asubuhi. Vuta udongo, funika yote, lisionekane hata moja."

Clifford, ambaye alikuwa amekuja kuona, alitikisa kichwa. "Redio imesema digrii tatu, Wilfred. Ni katikati ya Mei!"

"Redio haina nyonga," mzee akajibu. "Yangu mpya inaniuma. Fukia."

Desmond alitazama majani yake kumi na manne. Alikuwa ameyangoja wiki tano. Alikuwa ameyaona kwa saa moja. "Ninaogopa, Mzee," akasema wazi. "Nikiyafukia yakakataa kutoka tena, nitakuwa nimemuua Hannah mara mbili."

"Naogopa pia," mzee akasema. "Mimi siwezi kuinama. Ingekuwa naweza nisingekuomba. Mikono ni yako."

Desmond akapiga magoti. Akavuta udongo kwa viganja vyote viwili, polepole, akafunika la kwanza. Moyo ulimuuma kweli. Akafunika la pili. Akaendelea hivyo hadi mstari ukawa tuta refu la udongo mtupu, kana kwamba hakukuwahi kuota kitu.

Asubuhi Chapel Lane ilikuwa nyeupe. Nyasi zilivunjika chini ya viatu kama glasi. Jua lilipopanda, viazi vya Clifford, mistari yake yote iliyonyooka, vililala chini vyeusi, vimelainika kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Vitatoka tena, kiazi ni mbishi, ila vitachelewa mwezi mzima. Clifford alisimama katikati yake, mikono kichwani, na kwa kuwa watu wa kule si wabaya, kila mtu alimpelekea chai.

Kwenye namba tisa kulikuwa na tuta. Jumatatu tuta. Jumanne tuta. Jumatano Desmond hakwenda kazini. Alhamisi jioni Hannah Mweusi alitoa kichwa, na hadi Jumapili alikuwa ametoka mara kumi na tisa, maana chini ya lile blanketi la udongo hata waliokuwa wamelala walipata joto. Yalikuwa majani manene, yenye afya, ya rangi ambayo huioni kwenye kipande kingine chochote.

Jumapili hiyo kila mtu alipita kuona. Avis alileta keki, Bi Iris alileta mayai ya kuku walewale wezi. Mzee Wilfred alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, na Desmond alikuwa amechuchumaa mstarini akiongeza udongo, mgongo ameupa watu.

Mwanamke mmoja kijana, mgeni, aliyepewa kipande namba thelathini mwezi ule ule, akasimama wigoni na mtoto begani.

"Samahani, baba," akamwambia mzee, "viazi vizuri hivi. Ni vyako?"

Avis aliacha kukata keki. Bi Iris aligeuka. Miaka sitini mzee alikuwa na jibu moja tu kwa swali hilo, na kila mtu pale alilijua.

"Hapana," akasema Mzee Wilfred. Akanyoosha gongo, akalielekeza kwenye mgongo wa Desmond. "Ni vya mkwe wangu, huyo hapo. Muulize yeye. Mimi nimekaa tu."

Desmond hakugeuka upesi. Aliendelea kufikicha bonge moja la udongo ambalo lilikuwa limeshakuwa vumbi zamani. Kisha akajifuta uso kwa mkono, akajipaka matope toka jicho hadi kidevu, akasimama, akamwambia yule mwanamke aingie tu, lango liko wazi, amwonyeshe jinsi vinavyopandwa.